Jua la Dar na ngozi: mafuta ya nazi, liwa, ndimu... kipi kinakinga kweli?

MamaMboga_Tandika
Wakuu, habari za kutwa. Kazi ni ya kibandani, mbogamboga na matunda, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Uso na mikono imekuwa myeusi kuliko mwili mzima na mashavuni kuna mabaka. Losheni za jua za dukani bei imechangamka, na nyingine zinaacha uso na rangi ya majivu. Ninaoshauriwa nao kila mmoja ana lake: paka mafuta ya nazi, paka liwa (unga wa msandali), alovera, wengine ndimu na asali. Naomba wanaojua wanieleze kipi kinazuia jua, na kipi ni maneno tu. Na kwenye daladala ukikaa dirishani, kioo kinasaidia?

Mfamasia_Mbagala
Dada yangu, ndimu iondoe kwanza kwenye orodha, maana hiyo ndiyo inaumiza watu. Maji yake, na hasa ganda lake, yana kemikali zinazoamshwa na jua. Ukipaka ukatoka nje, siku hiyo huoni kitu. Kesho yake au keshokutwa ngozi inawaka moto, yanatoka malengelenge, kisha panabaki doa jeusi la wiki nyingi, pengine miezi. Wewe unayeuza matunda uko hatarini hata bila kujipaka: ukikata ndimu kumi za mteja ukajifuta jasho, alama ya vidole inaweza kubaki shavuni. Nawa kwa sabuni kabla ya kurudi juani.

Mafuta ya nazi: mtandaoni utasikia yana SPF 7 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua). Namba hiyo ilipatikana maabara, mafuta yakiwa yamechanganywa na spiriti na kupimwa ndani ya kichupa. Usoni pa mtu anayetoka jasho ni habari nyingine kabisa. Yahesabu kuwa hayazuii kitu. Kazi yake ni kulainisha: paka usiku baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevu bado, nusu kijiko cha chai kinatosha mikono yote miwili. Mwenye chunusi asiyapake usoni, yanaziba vinyweleo.

Alovera haizuii jua pia, ila inapoza ngozi iliyokwisha kuungua. Shida ni namna watu wanavyoitumia. Wanakata jani na kusugua hapo hapo, pamoja na ule utomvu wa njano unaowasha. Kata jani nene la chini, lisimamishe kwenye kikombe upande uliokatwa ukiwa chini, subiri robo saa utomvu uchuruzike, osha, menya, ndipo uchote ute mweupe. Jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko, uone kesho. Ute uliobaki hukaa siku chache kwenye friji (umeme ukiruhusu). Ukibadilika rangi au harufu, tupa.

Jambo la mwisho: msikorogeane unga wa zinki na mafuta ya nazi nyumbani mkaita losheni ya jua. Unga hujikusanya madonge, sehemu moja ya uso inakingwa na ya pili yake iko wazi, na jikoni hakuna kipimo cha kuijua SPF yake. Kalamaini ina zinki ndani, lakini nayo ni dawa ya kutuliza muwasho, si ya kukinga jua.

Cherehani_Ilala
Kwa anayetaka kinga ya asili kweli, jibu liko kwenye nguo. Ila si kila nguo.

Inyanyue nguo kwenye jua au taa. Ukiona mwanga unapenya kati ya nyuzi, jua nalo linapenya. Fulana nyepesi nyeupe ya pamba huruhusu sehemu moja kati ya tano hadi saba ya miale kupita, na ikilowa jasho hali inakuwa mbaya zaidi. Jinzi haipitishi karibu chochote, lakini nani atavaa shati la jinzi Tandika mwezi wa pili? Kitenge kizito cha pamba, rangi ya kiza (buluu, kijani kilichokoza, maruni), kilichofumwa kwa kubana, ndicho cha kati. Mwambie fundi aache mikono mipana hadi kwenye kifundo cha mkono, isibane kwapani, hewa ipite. Kanga moja imepauka na kulegea kwa kufuliwa? Ikunje mara mbili mabegani. Nguo iliyovutika mwilini hufungua matundu yake, kwa hiyo saizi ya kubana inapunguza kinga hata kama kitambaa ni kizuri. Madera mengi mepesi hayafaulu jaribio la taa.

Kofia: kapelo inaacha masikio na shingo nje. Tafuta pama yenye ukingo wa sentimita 7 na nusu au zaidi kuzunguka kote. Za ukili ni nzuri kwa hewa, ila ukiona vitone vya mwanga usoni ukiivaa, ishonee bitana ndani ya ukingo.

Na kibanda chenyewe. Wengi wanaweka turubai juu na kusahau ubavuni. Mchana wa saa nane jua limeshaanza kuinamia magharibi, linaingia chini ya turubai na kukupiga shavu moja. Ning'iniza kipande cha pili upande wa magharibi, kishuke usawa wa kifua chako ukiwa umekaa.

Abiria_wa_Mbele
La daladala: kioo cha kawaida cha dirishani kinazuia miale ya jua iitwayo UVB, ile inayounguza, lakini UVA nyingi inapita, na hiyo ndiyo inayochangia weusi na kuzeesha ngozi. Dirisha likifunguliwa zote zinaingia. Sasa hesabu ya siti. Ukitoka Mbagala asubuhi kwa Barabara ya Kilwa unaelekea kaskazini, jua liko kulia. Jioni ukirudi unaelekea kusini na jua limehamia magharibi, kulia tena. Kaa kushoto safari zote mbili. Wa Tegeta na Bunju ni kinyume: kaa kulia. Wa Kimara hamna ujanja, asubuhi mnalifuata jua na jioni mnalifuata tena 😄

BintiwaPwani
Mfamasia umeiruka liwa. Bibi zetu wamepaka liwa miaka na miaka na nyuso zao laini.

Mfamasia_Mbagala
Sijaibeza, bibie. Liwa ikiwa nzito kweli, tabaka linaloonekana, lazima izuie mwanga kiasi fulani kama udongo unavyozuia. Lakini ikikauka inapasuka, jasho linaichuruzisha, na hakuna aliyeipimia SPF. Halafu mwali anayepakwa liwa anakaa ndani. Hakai kibandani na mzani. Paka jioni kwa urembo na ubaridi wake, mchana usiitegemee.

Daktari_wa_Ngozi_tz
Niongeze kuhusu mabaka, maana hapo ndipo swali lilipo hasa.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Hata Juni, upepo wa kipupwe ukiwa unakudanganya, saa sita mchana jua linapanda nyuzi kama 60. Mawingu mepesi hayazuii sana. Kipimo kisicho na gharama ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Hapa kwetu hiyo ni takriban saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na robo alasiri. Kazi za kutembea, kama kufuata mzigo sokoni, zimalizike kabla.

Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi nyeusi, imekadiriwa kukinga kama SPF 13 hivi. Ndiyo maana hatuungui haraka, lakini hatuachi kupata mabaka. Mabaka ya mashavuni yanachochewa na homoni (ujauzito, vidonge au sindano za uzazi wa mpango) pamoja na jua, na hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huyazidisha. Losheni nyeupe haizuii vizuri mwanga huo. Yenye rangi ya kahawia, ambayo ndani ina oksidi ya chuma, inazuia zaidi na wala haiachi majivu. Kama bajeti ni ndogo, nunua hiyo moja, SPF 30, uipake usoni na shingoni tu, nguo zifanye kazi ya mwili. Kiasi: mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Ukipaka nusu ya hapo hupati SPF iliyoandikwa. Rudia kila baada ya saa mbili. Usiiache juani kwenye meza, joto linaiharibu.

Na tafadhali usikimbilie mkorogo. Zebaki, haidrokwinoni na steroidi zinazowekwa humo zinaacha ngozi bila kinga, mabaka yanarudi meusi zaidi. Kama unameza antibiotiki kama doksisaiklini au Septrin, jua litakupiga kuliko kawaida, muulize aliyekuandikia.

MamaMboga_Tandika
Asanteni sana, nimeelewa. Ndimu naiacha, nachukua kitenge na pama, turubai la pili leo leo. Swali la mwisho: jirani kibandani ana mtoto wa miaka sita mwenye ualbino, naye anashinda hapo baada ya shule. Haya haya yanamtosha?

Daktari_wa_Ngozi_tz
Hayamtoshi. Yeye hana ile kinga ya melanini, hivyo nguo ndefu, pama na losheni ni vyote kwa pamoja, kila siku, hata la mawingu, na kivulini asikae ukingoni. Kule Moshi inatengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kupitia kliniki. Mama yake aulizie Chama cha Watu wenye Ualbino kliniki ya karibu ni ipi. Amkague kila akimwogesha: masikio, midomo, shingo ya nyuma, migongo ya mikono. Akiona gamba gumu lisilotoka, au kidonda kisichopona ndani ya wiki nne, ampeleke kwa daktari wa ngozi wiki hiyo hiyo, asisubiri tarehe ya kliniki.