Naomba ushauri: Je, kupiga marufuku maneno ya kibaguzi kunasaidia?

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Johannesburg, na ni mjumbe wa kamati ya wazazi katika shule anayosoma mwanangu. Tumepewa rasimu ya kanuni yenye orodha ya maneno ambayo mwanafunzi akiyatamka atasimamishwa masomo, likiwemo lile tusi la enzi za ubaguzi linaloitwa hapa "neno la K", pamoja na "makwerekwere", wanaloitwa Waafrika wageni.

Naelewa uzito wa adhabu. Machi 2018 mahakama ilimhukumu Vicki Momberg, mwanamke Mzungu wa hapa Afrika Kusini, kifungo cha miaka 3, mmoja ukiahirishwa, kwa kuwatukana askari polisi Weusi kwa neno hilo mara 48, na wengi, nami nikiwemo, tuliona kwamba hatimaye utu wa Mwafrika umelindwa kwa vitendo.

Hata hivyo, tangu walimu waanze kuwaadhibu wanaosema "makwerekwere", wenzake mwanangu hawalitamki tena. Badala yake, mwanangu akiingia darasani, wao huinuka na kufungua madirisha yote, kisha hurudi kuketi kimya. Mwalimu hana kanuni ya kukabili jambo hilo, na mtoto anaumia vilevile.

Naelekea kuunga mkono marufuku, ila kwa sharti kwamba anayekosa afundishwe historia ya neno husika badala ya kurudishwa nyumbani tu. Wazazi na walimu mliowahi kutunga kanuni kama hizi, mliandikaje kipengele kinachogusa vitendo visivyo na maneno?