Mimi wa kushikishwa ndoano? Leo povu ruksa

Ngosha wa Spana:
Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka, na siyo umeme, ni hasira. Wasimamizi msiupeleke uzi huu jukwaa la vichekesho, nawajua.

Yule jamaa mnamjua. Simtaji. Ukishawahi kushika spana popote hapa Mwanza, kuanzia Mabatini mpaka Igoma, unamjua. Yule wa ovaroli nyeupe ambayo haijawahi kukutana na grisi. Ukimwamkia anakuuliza kwanza una cheti daraja la ngapi, ndipo aitikie.

Kuna yadi moja barabara ya Musoma imeingiza mabasi mawili ya umeme ya kubebea wafanyakazi. Hayana injini, wakuu. Ukifungua nyuma ni masanduku na mawaya manene ya rangi ya chungwa, basi. Leo asubuhi moja likagoma kuwaka. Mwenye yadi akampigia nani? Mimi. Kwa sababu Scania zake zote mimi, Fuso zake zote mimi, jenereta la nyumbani kwake Capri Point mimi. Nikaacha chai mezani.

Nafika nakuta wamezungushia gari utepe mwekundu na mweupe, utadhani kuna mtu kauawa. Ndani ya utepe yupo yeye na ovaroli yake, na kijana mmoja. Huyo kijana nisikilizeni vizuri: nilimpokea mimi gereji hajui tofauti ya spana namba 12 na namba 14. Alikuwa ananiita baba. Nilikuwa namtuma chapati! Akapotea kidogo, akaenda kozi, leo ana kitambulisho shingoni chenye picha, eti fundi aliyeidhinishwa wa magari makubwa ya umeme.

Nikavuka utepe. Jamaa akanyoosha kiganja: "Mzee, ishia hapo hapo. Una idhini?" Nikamwambia idhini kanipa mwenye gari. Akasema hapana, idhini ya volti kubwa. Nikamwambia nina tredi testi gredi ya kwanza, ina muhuri, ipo ukutani kwenye fremu. Akaniuliza mbele za watu: "Humo ndani kuna neno betri?"

Hapo bado nilikuwa nimevumilia. Akageuka, akachukua fimbo ndefu ya njano, mbele ina ndoano kubwa, akanikabidhi. "Mzee, wewe shika hii. Kijana akinaswa, mvute."

Wakuu. Mvute.

Nimeshusha giaboksi ya Scania kwenye mvua pale Usagara. Nimefufua Leyland ambazo wenyewe walishaanua matanga. Nimewasha gari la maiti, maiti yuko ndani, wafiwa wakapiga makofi. Leo niambiwe nishike ndoano nimvute mtu niliyemfundisha kufungua nati!

Mama wa uji anapita, kaniona: "Baba, leo sangara wanavuliwa nchi kavu?" Yadi nzima chini. Na kijana naye akacheka, yule yule wa chapati, yupo ndani ya miglavu mikubwa ambayo kwanza alikuwa anaijaza hewa na kuisogeza sikioni anaisikiliza. Glavu inamwambia nini? Inamsalimia?

Wakakata swichi, wakatia kufuli, ufunguo kijana akautia mfukoni. Halafu wakasimama. Wanaangalia saa! Eti umeme utoke kwenye makapasita, vidude vinavyobaki na umeme hata swichi ikikatwa. Dakika zinakatika, mimi na ndoano. Wakapima. Wakaenda kukipima na kile kipimio chenyewe. Wakarudi wakapima tena. Mimi na ndoano. Basi la Musoma likapita pale barabarani, abiria wananichungulia dirishani.

Mnajua ugonjwa ulikuwa nini? BETRI NDOGO YA VOLTI 24. Hii hii ya kwenye malori makubwa. Terminali imeota ukoko. Ugonjwa huo naujua toka navaa kaptula, na ulikuwa hatua tatu mbele ya pua yangu, nimeshika ndoano!

Kwenye fomu ya kazi kijana kaandikwa fundi. Mimi nimeandikwa "msaidizi wa uokoaji". Mambo ya vyeti hivi yameletwa kutumaliza sisi. Umeme ni umeme. Haya, povu ruksa, lakini anayekuja kumtetea ajue sina akiba ya maneno leo.

Konda Mstaafu:
Siti ya mbele. Karanga ziko wapi?

Binti Kirumba:
Wafiwa wakapiga makofi! Ngosha nimemwaga chai kwenye simu, utanilipa.

Mzee wa Mwaloni:
Uzi bila picha ya ndoano hautambuliki. Kama ni imara nitainunua, huku soko la samaki Mwaloni tuna shida na vifaa.

Volti Mia Sita:
Mkuu Ngosha, shikamoo kwanza. Pole kwa fedheha, ila ile ndoano si ya kukudhalilisha. Kwenye gari la umeme, chochote kinachozidi volti 60 za DC, yaani umeme wa aina ya betri, kinahesabiwa ni volti kubwa, na basi refu kama hilo linatembea na volti mia kadhaa, 600 ni kawaida. Mtu akinaswa na umeme wa namna hiyo misuli inakaza, haachii. Ukimshika kwa mkono mnakuwa marehemu wawili. Ndiyo maana fundi hafungui peke yake, lazima mtu awe nje ya utepe na ndoano isiyopitisha umeme, mtu mwenye akili timamu asiyekurupuka. Glavu inajazwa hewa kutafuta tundu, la sindano tu linatosha kukuzika. Kipimio nacho kinapimwa kwenye umeme unaojulikana, kabla na baada, maana kipimio kibovu kinasoma sifuri vile vile.

Na kuhusu ile betri ndogo: ndiyo inayovuta makontakta, swichi zinazounganisha betri kubwa. Ikifa, basi lote linalala. Lakini tatizo la umeme mkubwa kuvuja kwenye bodi nalo linaweza kulilaza basi, na kwa kuangalia nje tu huwezi kuwa na uhakika ni lipi. Wakaanza na lile linaloua.

Ngosha wa Spana:
HUYU NI YEYE. Tazameni mwandiko, hata koma zimevaa ovaroli nyeupe.

Volti Mia Sita:
Mimi nipo Shinyanga mkuu.

Ngosha wa Spana:
Shinyanga hakuna basi la kuja Mwanza? Na hiyo "mtu mwenye akili timamu" umeiweka kunipaka mafuta. Kama kazi ni kubwa hivyo mbona nilipewa mimi nisiye na idhini? Nijibu hapo.

Konda Mstaafu:
Hapo Ngosha kapiga penyewe. Mshika ndoano naye alitakiwa afundishwe, asikabidhiwe fimbo tu kisa anapita. Volti jibu.

Volti Mia Sita:
Hilo ni kweli, alitakiwa apewe maelekezo kwanza.

Ngosha wa Spana:
Maelekezo nilipewa. Neno moja. MVUTE.

Nyanza Ughaibuni:
Huku Ujerumani niliko mambo haya yameandikwa kabisa, kuna mwongozo unaitwa DGUV 209-093. Karakana ina ngazi. 1S ni wale wa kazi zisizo za umeme, hata anayebadilisha tairi tu kwenye gari la volti kubwa anaingia humo. 2S ndiye anayelikata umeme na kulifanyia kazi likiwa limezimwa. 3S ndiye anayeruhusiwa kugusa likiwa hai, hao ni wachache na wanaheshimika. Uingereza nao IMI, taasisi ya mafundi magari, wana orodha yao ya TechSafe ya mafundi wa magari ya umeme, na mafundi wa malori na mabasi wana leseni ya irtec, ikifika miaka 5 unapimwa upya hata kama una mvi mpaka kwenye nyusi.

Dada wa Buzuruga:
Huyu kila uzi lazima aseme yuko Ujerumani. Juzi uzi wa bei ya nyanya alikuwepo.

Binti Kirumba:
Ujerumani nyanya bei gani?

Nyanza Ughaibuni:
Nilikuwa nasaidia tu jamani.

Spana Mkononi:
Ngosha, punguza munkari. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani, unapimwa kwa vitendo, hawakurudishi darasani na watoto wa jana. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, kozi ya volti kubwa ukiifuata hakuna wa kukuuliza "ishia hapo". Tredi testi yako naiheshimu, lakini inasema dizeli.

Ngosha wa Spana:
Nikapimwe na nani? Nikute msimamizi ni yule wa chapati? Aniambie "baba, taja sehemu za betri"?

Glavu Safi:
Baba shikamoo. Samahani nilicheka, mama wa uji ndiye aliyenichekesha. Ila kwa kuwa umeleta mambo ya chapati hadharani, hela ulikuwa unasema utanipa kesho.

Binti Kirumba:
AMEKUJAAAAA

Konda Mstaafu:
Wakuu kimenuka. Chapati zilikuwa zinanunuliwa kwa hela ya mwanafunzi!

Mzee wa Mwaloni:
Kijana andika deni lote hapa, na riba. Wakili nipo.

Ngosha wa Spana:
Marahaba. Zile zilikuwa ada ya gereji. Ulilipa ada nyingine? Na uzi siyo wa chapati, uzi ni wa NDOANO.

Glavu Safi:
Ilikuwa chapati mbili na maharage baba. Kila siku.

Dada wa Buzuruga:
Na maharage tena! Halafu mtu analia kushikishwa fimbo.

Kamanga Feri:
Bora wewe ulishikishwa kitu. Mimi dereva, usukani naujua kabla hawa wapimaji hawajazaliwa, Mwanza–Bukoba nimepita enzi zile tunalala foleni ya kivuko Kigongo, daraja halijawahi hata kuchorwa. Nimeitwa mtihani wa madereva. Nikajua nitaendesha. Nakalishwa mbele ya kompyuta! Swali la kwanza silijui kosa langu ni nini, kumbe sijabonyeza, mausi inakimbia tu mezani. Muda ukaisha. Nimefeli gari kwa sababu ya panya wa plastiki.

Konda Mstaafu:
Panya wa plastiki! Kamanga fungua uzi wako, huu umeshamshinda mwenyewe.

Kamanga Feri:
Na yule msimamizi wa chumba, mnamjua, yule mwenye miwani kifuani, akaniambia "babu, hakuna breki hapo, ondoa mguu". Nilikuwa nimekanyaga waya wa kompyuta.

Ngosha wa Spana:
Wewe angalau ulikuwa umekaa. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoano.

Reli Tunaitaka:
Mnalilia basi moja. Treni ya umeme Dar–Morogoro imeanza Juni 2024, nyaya za juu pale zina volti 25,000. Kipande cha Mwanza–Isaka ni kilomita 341, jiwe la msingi liliwekwa Juni 2021. Siku reli inawashwa huku, hizo kazi za mafundi nani atazichukua? Vijana wetu wapelekwe kusoma sasa hivi, siyo kubishania chapati.

Mzee wa Mwaloni:
Volti 25,000? Ngosha hapo utahitaji ndoano ya kutoka Bismarck Rock mpaka Nyegezi.

Volti Mia Sita:
Kwa volti hizo hata kusogea tu karibu na waya unanaswa, haihitaji kugusa. Kuna taratibu zake kabisa.

Ngosha wa Spana:
Yeye tena na koma zake.

Binti Kirumba:
Jamani mimi nina kero ya kweli. Kuna fundi friji, hamumjui ila mnamjua, yule wa begi jekundu. Alikuja kwangu akachomoa kitu nyuma ya friji, akasema anakwenda kukipima mjini. Simu haipokelewi. Friji limebaki kabati.

Dada wa Buzuruga:
Begi jekundu, kofia ya timu ya Pamba? Huyo ana kompresa yangu toka masika!

Spana Mkononi:
Huyo naye aliniambia ana cheti.

Ngosha wa Spana:
Mnaona? Cheti! Turudi kwenye mada sasa, yule jamaa wa ovaroli

Binti Kirumba:
Dada wa Buzuruga njoo inboksi, tumfuate wote. Mimi ndani nina sato kilo nane, asubuhi harufu imeanza.

Mzee wa Mwaloni:
Sato kilo nane hujawapaka chumvi? Wapasue, chumvi nyingi, juani juu ya bati, funika na kipande cha chandarua, nzi wengi msimu huu.

Konda Mstaafu:
Ulinunua wapi hao?

Binti Kirumba:
Igombe, alfajiri.

Kamanga Feri:
Igombe siku hizi kilo wanauzaje?