Segera mwaka huu nakata kulia: siku tatu Tanga na mke wangu, naomba ushauri

Dereva wa Maili Moja

Wakuu, salaam. Mimi ni dereva wa semi, naishi Kibaha. Mwaka huu nimekula lami mpaka mgongo unajua kila tuta. Tunduma mpakani nimelala kwenye foleni siku nisizozihesabu tena. Mlima Kitonga nimepanda na kushuka na mzigo, mlima Sekenke vilevile, mpaka wa Rusumo nimefika mara nne. Nimepita magari yamelala makorongoni, na moja lilikuwa la mtu niliyekunywa naye chai asubuhi hiyo hiyo. Mimi kila safari nimerudi mzima. Alhamdulillah, sina la kuongeza hapo.

Mke wangu ni fundi cherehani. Tuna miaka kumi na moja ya ndoa, na kila ninapoondoka ananifungia chapati tatu na chupa ya chai ya tangawizi, ananisindikiza mpaka getini, basi. Nchi hii mimi nimeizunguka yote, yeye anaisikia kwenye simu usiku. Sikukuu hizi nataka kushukuru nikiwa naye, nimechoka kushukuru peke yangu ndani ya kabini.

Kwa nini Tanga? Kila nikienda Arusha, nikifika njia panda ya Segera nakata kushoto. Kibao cha Tanga nakiona, nakipita. Nilimsimulia, akasema, "Siku moja tukate kulia." Amesema mara moja tu, miaka mingi iliyopita, sijasahau.

Watoto watabaki kwa bibi yao. Tutakwenda kwa basi, usiku mbili. Tulale upande gani? Jioni tule wapi? Na mapango ya Amboni yanamfaa mtu anayeogopa sehemu finyu yenye giza? Yeye lifti tu inamtoa jasho.

Mwana wa Ngamiani

Karibuni sana kaka. Basi litawashusha Kange, nje kidogo ya mji, mchukue bajaji. Mkitaka kuwa katikati ya watu laleni Ngamiani, gesti za heshima zipo, na barabara zetu zina namba kwa hiyo hampotei. Ila kwa safari kama hii yenu mimi ningewapeleka Raskazone. Upepo wa bahari, miti mikubwa, kimya. Mwezi wa kumi na mbili joto ni kali, kwa hiyo kuogelea mnataka, lakini ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi.

Chakula: msiondoke bila kula bada, ugali wa muhogo, kwa samaki wa nazi. Jioni tafuteni kahawa chungu na kashata. Na kodini baiskeli! Mji wetu ni tambarare, hata bibi zetu walipanda.

Mama Chumbageni

Mdogo wangu, nimefundisha shule ya msingi Tanga miaka mingi na Amboni nimepeleka watoto kila mwaka, nikuambie ukweli. Ni kilomita 8 hivi kutoka mjini, barabara ya kwenda Horohoro. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Mlango ni mpana na ukumbi wa kwanza una dari juu sana, mwanga unaingia, hapo mkeo atapumua vizuri. Mbele zaidi kuna mahali pa kuinama, na pengine pa kupita kiubavu. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mtaishia ukumbini, wala asione aibu. Mtaona pia mahali watu wanapoacha sadaka za kuombea mizimu, pitieni kwa adabu. Vaeni viatu vya kufunga, kinyesi cha popo kinateleza.

Asipotaka kabisa, nendeni Urithi, makumbusho ndani ya boma la Wajerumani mjini. Kuna picha za zamani za mji wetu, na za mkonge uliotulisha sisi sote.

Baharia mstaafu

Ongeza Tongoni, njia ya Pangani. Msikiti na makaburi ya nguzo ya Waswahili wa kale, mbuyu, na bahari hapo chini. Nendeni asubuhi, jua halijapanda.

Dereva wa Maili Moja

Wakuu, tumerudi jana. Nawashukuru mmoja mmoja.

Basi lilipofika Segera alikuwa dirishani, nikamshika mkono. Dereva akawasha indiketa ya kulia. Hakusema kitu, aligeuka akanitazama mpaka tukaiacha njia panda.

Bada tumekula mara mbili. Baiskeli yeye alipanda, mimi nilikimbia pembeni nimeshika kiti mpaka akaniambia achia. Amboni, Mama Chumbageni, ilikuwa kama ulivyosema. Tulisimama ukumbini, ameshika shati langu kwa nyuma kwa ngumi zote mbili. Mwongozaji akatuuliza kama turudi. Mke wangu akasema, "Hatua kumi." Tukazihesabu kwa sauti. Ya kumi akasimama, akagusa ukuta kwa kiganja, akasema ni wa baridi kama mtungi.

Tongoni tulikaa chini ya mbuyu tangu saa moja asubuhi. Aliniuliza Rusumo kukoje, Tunduma kukoje, Sekenke nashuka na gia gani. Nilimweleza mpaka jua likatufukuza.

Tarehe 4 napakia mzigo wa Arusha. Ameshanunua chupa mpya ya chai, ya lita mbili.