Siku moja ya ndege na mzee wangu: Shimba au Taita?

Bin_Kuze: Assalam aleikum wandugu. Babangu alistaafu bandarini, na siku hizi hushinda barazani na darubini akihesabu kunguru. Kunguru wamemchosha. Ataka ndege wa msitu wa mlimani. Nina Jumamosi moja tu Aprili hii. Niliwaza tutoke Mombasa alfajiri, tuingie msitu wa Ngangao kule Wundanyi, milima ya Taita, tushukie Mwatate, usiku turudi. Goti lake la kulia halipendi mteremko. Yawezekana?

Mdawida: Wajidanganya, kaka. Hadi Voi peke yake ni kilomita 150 na ushei, bado Mwatate, bado kona za kupanda. Mtafika saa tano, na saa tano msitu umenyamaza. Ndege wa Ngangao ni wa saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Laleni Wundanyi Ijumaa. Msitu wenyewe ni hekta 120 hivi, mabaki tu, mashamba na mikaratusi imeuzunguka. Humo yumo apalisi wa Taita, kandege kenye koo jeusi kanakorukaruka vichakani, na nje ya milima yetu hutakaona popote duniani. Sasa umpitishe mzee hapo mbio kama anayewahi feri?

Likoni_Kwetu: Kwa siku moja, nendeni hifadhi ya Shimba Hills, Kwale. Ni karibu, gari laingia hadi ndani, goti lapumzika. Kuna ndege shorobo wa Fischer, kijani mwili mzima, akifungua mbawa ni wekundu mtupu. Na zaidi ya ndege, kuna palahala, wale swala wakubwa wa pembe ndefu.

Mdawida: Shimba sina neno nayo, ila haifiki hata mita 500. Kilele chetu cha Vuria ni mita 2,208. Mzee kaomba mlima.

Bi_Kisauni: Mimi nilikwenda na ndala. Msinicheke. Masika, matope, nikateleza nikakaa kitako, na ndege aitwaye mkesha wa Taita akapuruka kutoka kwenye majani makavu mbele yangu. Nikaambulia kuona mdomo wa chungwa, basi. Mzee avae viatu vya kushika, achukue fimbo, na kitambaa kikavu cha kufutia darubini. Ukungu wa kule hauna adabu.

Mdawida: Na msiwaite ndege kwa sauti za simu. Wamebaki wachache, mnawatoa kwenye viota bure. Mkishuka kuelekea Voi tazameni nyaya za umeme: mapema Aprili kambu wa Ulaya, ndege wahamaji, hupumzika pale wakirudi kwao.

Bin_Kuze: Nimemsomea mzee yote. Kachagua Wundanyi, na pesa ya kulala atoa yeye. Auliza jambo moja: huko kuna blanketi? Miaka yote amelala na feni.

Mdawida: Zipo. Mwambie abebe na soksi.