Tumelipia Kisebuano, tukauziwa Kitagalogi na maneno ya hotuba!

Wakuu, hili limenikera na silinyamazii. Huku Ghuba tunafanya kazi pamoja na Wafilipino, hotelini, hospitalini, majumbani mwa watu. Wengi wao wametoka Cebu, Bohol na Davao, na lugha waliyozaliwa nayo ni Kisebuano, wenyewe huiita Bisaya. Nikalipia masomo ya mtandaoni kwa hela ya jasho langu, nipate angalau kuwaaga wenzangu zamu ikiisha.

Somo la kuagana, neno la kwanza: "paalam". Jamani, hicho ni Kitagalogi, lugha nyingine ya Ufilipino! Na hata Mtagalogi mwenyewe hakuagi hivyo mtakaoonana kesho asubuhi, ni neno zito la kutengana. La pili "ingat", yaani ujitunze, Kitagalogi tena. Kisha ndiyo linakuja la Kisebuano, "hangtod sa atong panagkita pag-usab", yaani hadi tutakapoonana tena. Nani anatoka kazini, miguu inamuuma, halafu anatoa hotuba hiyo mlangoni?

Yanayosemwa kweli ni mafupi mno. Anayetangulia kuondoka husema "sige, una na ko", na wewe unayebaki unamjibu "sige, amping", yaani ujitunze. Wakiwa wengi, "amping mo". Anayerudi kwake: "mouli na ko". Mnaoonana kesho: "kita ta ugma". Vijana wanamaliza na "babay" tu. Na hawakuagi kavukavu: rika lako wa kiume ni "bai", kijana mdogo ni "dong", binti ni "day", aliyekuzidi umri ni "nong" au "nang". Hayo yote nimeyapata bure jikoni kazini, kwa mama mmoja wa Bohol mwenye subira. Kwenye masomo niliyolipia hakuna hata moja!

Nimewaandikia wenye masomo. Wakanijibu eti Wafilipino wote wanaelewa Kitagalogi. Wengi wanakielewa, ndiyo, wanafundishwa shuleni na wanakisikia kwenye televisheni. Basi andikeni kwamba mnauza Kitagalogi! Watu zaidi ya milioni 15 wana lugha yao, ninyi mnaibandika jina tu juu ya bidhaa nyingine na kuchukua hela za wafanyakazi.

Nataka hela yangu irudi, au somo lile lifutwe na liandikwe upya na mtu wa Cebu au Mindanao, kisiwa ilipo Davao. Mliouziwa kama mimi jitokezeni hapa, tuwaandikie kwa pamoja. Na mnaoishi na Wabisaya, wekeni mnayoyasikia wakiagana, wenzetu wasiibiwe tena.