Pothosi imejaa mizizi kwenye kopo na majani ya chini yanageuka njano: nianzie wapi?

kopo_la_lita4
Habari wakuu. Naomba ushauri kuhusu pothosi, ile wengi tunaiita mani planti. Iko kwenye kopo la rangi la plastiki la lita 4, sebuleni, Dar es Salaam, kama mita 3 kutoka dirishani. Kamba zake ni mbili, kila moja mita moja na nusu. Majani ya chini yanageuka njano moja moja, majani mapya ni madogo, na yale mabaka ya njano yamepotea, limebaki kijani tupu. Ukimwagilia, udongo wa juu unakauka ila kopo linabaki zito hata siku ya nane. Mizizi imechomoza kwenye matundu ya chini. Nafikiria kuihamishia kwenye ndoo ya lita 20 ili isisumbue tena kwa muda mrefu. Udongo uliopo ni ule mweusi wa viroba vya barabarani. Je, niweke kokoto chini? Na kamba nizikate au niziache?

kivuli_cha_baraza
Mkuu, achana na ndoo ya lita 20. Huko ndiko mani planti nyingi zinakofia. Udongo usio na mizizi hauna wa kuyanywa maji yake. Yanakaa, hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi, kisha kuvu wa kuozesha wanaingia. Pima upana wa mdomo wa kopo lako, halafu tafuta chungu kinachouzidi kwa sm 3 hadi 5 tu. Kama kopo ni sm 17, chungu cha sm 20 hadi 22 kinatosha kabisa.

Kopo kuwa zito siku ya nane ni dalili mbaya kuliko hiyo mizizi ya chini. Huenda mizizi yenyewe imeziba matundu. Mwagilia leo kidogo, kesho minya kopo pande zote, lilaze, shika mashina yote kwa pamoja karibu na udongo na uvute taratibu. Mizizi iliyotoka matunduni ikikwama, ikate, usiilazimishe. Kisha angalia: mizizi mizima ni myeupe au rangi ya maziwa na ni migumu kidogo. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza, na ukiivuta kwa vidole ganda linavuka lote na unabaki na uzi mwembamba kama wa kushonea. Hiyo ondoa yote kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Iliyojizungusha chini kama kata ya kichwani ya kubebea ndoo ya maji, ilegeze kwa vidole.

mchanga_wa_mto
Huo udongo mweusi usiutumie peke yake, baada ya miezi michache unashikamana kama tofali. Changanya hivi, kwa kipimo cha kopo lolote:

– makumbi ya nazi yaliyosagwa: 2
– udongo mweusi: 1
– mchanga wa mto wenye chembe kubwa, au mkaa uliopondwa ukubwa wa maharage: 1
– samadi iliyooza hadi haina harufu: nusu

Makumbi yaloweke usiku mzima, uyasuuze mara mbili au tatu, kwa sababu mara nyingi huja na chumvi. Mchanga wa baharini usiuguse kwa sababu hiyohiyo. Ukimaliza kuchanganya, fumbata konzi moja ikiwa na unyevu na uiguse kwa kidole. Ikivunjika, sawa. Ikibaki donge, ongeza mchanga au mkaa.

Chini weka kokoto sm 3 hivi maji yapate njia.

kivuli_cha_baraza
Kwenye mchanganyiko nakubaliana nawe kabisa. Kwenye kokoto hapana. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe, yanasubiri mpaka udongo wa juu yake ulowe chepechepe. Jaribu na sponji ya kuoshea vyombo: ilowanishe, ilaze bapa hadi iache kudondosha, kisha isimamishe. Itadondosha tena. Udongo ukiwa na kimo kirefu hutoa maji zaidi, na kokoto zinapunguza kimo hicho. Toboa matundu 5 au 6 chini ya chungu cha plastiki kwa msumari uliopashwa moto, yatoshe kupita penseli, funika kwa kipande cha chandarua, jaza udongo. Mmea ukae kwenye kina kilekile cha mwanzo, na usishindilie.

pingili_mbili
Mimi nijibu la kamba. Kata. Mabaka yamepotea kwa sababu mita 3 kutoka dirishani ni giza kwa mmea huu. Jani lililokwisha kuwa kijani halirudi, kwa hiyo rudi nyuma kwenye kamba hadi kifundo (pale jani linaposhikana na kamba) chenye jani la mabaka na ukate juu yake kidogo, chipukizi litatokea hapo. Kisha sogeza chungu hadi mita moja kutoka dirishani, pasipopigwa na jua la mchana.

Vipande ulivyokata ni mbegu. Kila pingili iwe na jani 1 au 2, ukate sm 1 chini ya kifundo, pale penye kinundu cha kahawia cha mzizi. Jani bila kifundo linaweza kukaa kijani majini wiki nyingi ila halitachipua kamwe. Ziweke pingili kwenye maji, uyabadilishe kila siku 4, mizizi huonekana ndani ya wiki 2 au 3. Ikifika sm 3 hadi 5 panda. Ikizidi sana inapata shida kuzoea udongo. Zile zenye mabaka panda 5 kwenye chungu kilekile cha mama, ndipo kinajaa. Utomvu unawasha, osha mikono, na paka au mtoto asitafune.

kopo_la_lita4
Asanteni sana. Maji ya hapa ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Na hayo majani madogo yatakua tena?

mchanga_wa_mto
Kinga maji ya mvua ukiweza. Ukikosa, mara moja kwa mwezi mwagilia maji mengi yapite chini, mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, uyaache yachuje yote, yasibaki kwenye kisahani. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, kwangua sm 1 utupe. Mbolea subiri wiki 6, kisha nusu ya kipimo cha kwenye pakiti.

pingili_mbili
Majani yaliyokwisha kukomaa hayataongezeka. Yajayo yatakuwa makubwa ukiupandisha mmea ukwee juu. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea, Polinesia ya Ufaransa, na msituni hukwea miti hadi majani yanakuwa makubwa sana na kuchanika. Ukining'iniza, yanapungua. Funga nyuzi za makumbi kwenye mti wa kama mita moja na uusimamishe kwenye chungu kabla ya kujaza udongo. Ukiuchomeka baadaye utakata mizizi.