Naomba ushauri: tripodi nyepesi ya kupanda nayo mlima

Habari zenu wadau. Niko Moshi, napandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na nataka tripodi (stendi ya kamera ya miguu mitatu) ya kupigia picha za nyota usiku kule kambi za Shira na Barafu. Kamera na lenzi vinakaribia kilo 2. Niliyonayo ni ya studio, na mpagazi sitaki kumwongezea mzigo. Nimejaribu ya alumini ya kuazima: inakunjika vizuri, ila upepo wa Barafu, zaidi ya mita 4,600, unaitikisa hata nikining'iniza begi katikati. Alfajiri alumini yake inagandisha vidole. Za nyuzi za kaboni ni nyepesi, lakini bei yake jamani!

Je, kaboni ya miguu ya vipande vinne itatulia kwenye upepo ule, au nichukue alumini nene nivumilie uzito? Na Arusha naipata wapi niishike kwanza kabla ya kulipa?